Kindege cha Kijani Kwenye Mgunga: Jinsi ya Kumtambua Willow Warbler Hatua kwa Hatua

Kila vuli inapoanza kunyesha, swali huja lile lile: "Kuna kindege cha kijani kwenye mgunga nyuma ya nyumba, hakitulii hata kidogo, ni ndege gani?" Picha inayotumwa pamoja na swali huwa na matawi, majani, na doa la manjano lililotikisika. Mara nyingi mhusika ni Willow Warbler, ambaye wanasayansi humwita Phylloscopus trochilus. Ni mgeni wa msimu kutoka Ulaya na Siberia, na ni mmoja wa ndege wahamaji wanaofika Afrika Mashariki kwa wingi zaidi.

Ndiye pia anayewakatisha tamaa wanaoanza. Hana kishungi, hana mkia mrefu, hana baka la rangi ya kung'aa la kumshikia. Urefu wake ni sentimita 11 hadi 12 hivi, na uzito wake gramu 8 hadi 10, yaani karatasi mbili za A4 ukiziweka kwenye mizani. Anatambulika kwa kukusanya mambo madogo madogo, moja baada ya jingine, na mpangilio wa kuyakusanya ndio nauandika hapa. Neno moja nalitanguliza kwa msisitizo: rangi itazamwe mwishoni. Wengi wanaokosea huanzia kwenye rangi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Darubini ya 8x32 au 8x42 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita). Watu hukimbilia ya 10x wakidhani kikubwa ndicho bora. Kwa ndege asiyetulia, 8x inakupa uwanja mpana zaidi wa kutazama na haitikisiki sana mkononi. Ya mtumba inafaa kabisa, mradi ukitazama usione vitu viwili viwili.
- Daftari dogo na penseli. Nasema penseli kwa sababu wino ukilowa mvua ya vuli husambaa, na kumbukumbu zako zinapotea.
- Kitabu cha kutambulia ndege wa Afrika Mashariki, au programu ya Merlin kwenye simu. Merlin ni ya bure. Pakua kifurushi cha nchi yako ungali nyumbani, ili ifanye kazi hata pasipo na mtandao.
- Nguo za rangi iliyofifia. Si lazima ziwe za kijani. Epuka tu nyeupe na nyekundu kali.
- Muda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu na nusu ni muda mzuri kuliko wote. Alasiri kuanzia saa kumi nayo inafaa. Adhuhuri ndege wengi hupumzika kivulini na wewe utachoka bure.
- Ruhusa. Hili watu hulipuuza. Darubini huzua maswali, kwa hiyo usiielekeze kwenye kambi ya jeshi, kituo cha polisi, uwanja wa ndege wala nyumba ya mtu. Ukiingia shamba la mtu, piga hodi kwanza. Ukitazama mtaani, mpitie mwenyekiti wa mtaa au mzee wa mtaa, msalimie, mweleze unachofanya. Mara nyingi atakuonyesha mwenyewe mti wenye ndege wengi.

Hatua ya 1: Angalia kalenda

Kabla ya kuinua darubini, jiulize ni mwezi gani. Willow Warbler hawazaliani Afrika. Huku kwetu huanza kuonekana mwishoni mwa Septemba, huongezeka Oktoba na Novemba, kisha wengi husonga kusini kufuata mvua, hadi Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Wengine hubaki Kenya, Uganda na Tanzania msimu wote. Machi na Aprili wale wa kusini hupita tena wakirudi kaskazini, na Mei inapoanza wamebaki wachache sana.

Kwa hiyo, kindege cha kijani cha Oktoba, Novemba, Machi au Aprili kina nafasi kubwa ya kuwa yeye. Kindege cha kijani cha Julai, anza kufikiria mwenyeji.

Msomaji uliyeko Oman au nchi nyingine za Ghuba, kalenda yako ni tofauti. Kwenu yeye ni mpita njia, anatua siku chache majira ya Septemba na Oktoba, na tena kuanzia Machi hadi Mei. Anayekaa kwenu katikati ya majira ya baridi, kwa kawaida ni binamu yake, Chiffchaff. Na mliopo Sweden, Finland au Uingereza mnaye wakati sisi hatunaye: sikilizeni kwenye miti midogo ya birch mwezi Mei.

Hatua ya 2: Chagua mti kabla ya kutafuta ndege

Usizunguke pori zima. Tafuta mgunga wenye majani mapya au maua, maana hapo ndipo wadudu walipo. Miombo iliyochipua, kingo za msitu, miti ya bustani, hata vichaka vya kando ya shamba vinafaa. Ndani kabisa ya msitu mnene, kwenye giza, si mahali pake. Kenya, nyanda za juu wanaonekana wengi kuliko pwani. Arboretum ya Nairobi (bustani ya miti) na kingo za msitu wa Karura ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu njia ni wazi na miti ina urefu tofauti tofauti.

Mvua ikishanyesha siku mbili tatu kisha jua likatoka, nenda kesho yake asubuhi. Wadudu wameibuka, na ndege wana njaa.

Hatua ya 3: Simama, mwache yeye ndiye asogee

Simama mita kumi hivi kutoka kwenye mti, jua likiwa mgongoni mwako. Usitumie darubini bado. Tazama mti wote kwa macho matupu, tulia, na subiri jani linalotikisika peke yake wakati mengine yametulia. Hapo ndipo alipo.

Sasa kaza macho kwenye sehemu hiyo bila kuyaondoa, kisha pandisha darubini hadi kwenye macho yako. Ukiangalia chini kuitafuta darubini, umeshampoteza. Zoezi hili lifanyie nyumbani kwanza: kazia macho tunda moja juu ya mwembe, pandisha darubini, ulikute bila kutafuta. Rudia mpaka mkono uzoee.

Tahadhari: usimwite kwa kupiga rekodi ya sauti yake kwenye simu. Amesafiri maelfu ya kilomita na kazi yake hapa ni kula, kubadili manyoya na kujaza mafuta ya safari ya kurudi. Kila dakika anayopoteza kumtafuta mpinzani asiyekuwepo inatoka kwenye chakula chake.

Hatua ya 4: Soma mwendo wake

Hapa ndipo nakaa muda mrefu na kila anayeanza, kwa sababu mwendo unaonekana hata ndege akiwa mbali au kwenye kivuli.

Willow Warbler hula akitembea. Anaruka kijitawi hadi kijitawi, anachungulia upande wa chini wa jani, anadonoa, anahama. Ukimpata karibu utaona jambo hili: anasimama kwenye kijiti chembamba, anainamisha kichwa pembeni, jicho moja limeelekea chini ya jani lililo juu yake. Kisha anajinyoosha, shingo inakuwa ndefu ghafla, mdomo unagusa jani mara moja tu, na kidukari hakipo tena. Kabla hujavuta pumzi, yupo tawi la pili. Mara nyingine hupepea hewani mbele ya maua sekunde moja, akadonoa, akarudi. Mara nyingine humfukuza mdudu anayeruka, hatua mbili tatu, mdomo ukisikika "tk" unapofunga.

Mabawa huyachezesha kidogo kidogo anapohama. Mkia huutikisa mara moja moja, bila utaratibu. Ukiona ndege anayeushusha mkia chini kila mara, chini, chini, chini, kama mtu anayepiga pampu, mwekee alama ya kuuliza.

Mara nyingi atakuwa katika kundi la ndege mchanganyiko: wale wenye duara jeupe machoni, chozi (sunbird, ndege anyonyaye nekta ya maua), na wengine wanaosafiri pamoja mti hadi mti. Kundi likifika kwenye mti wako, usikimbie kumtazama kila mmoja. Chagua mmoja, maliza naye.

Hatua ya 5: Uso kwanza

Ukishampata kwenye darubini, nenda moja kwa moja usoni. Tafuta mambo mawili.

La kwanza ni mstari wa nyusi: mrefu, wa manjano hafifu au mweupe mchafu, unaoanzia karibu na mdomo, unapita juu ya jicho, unaendelea nyuma yake. La pili ni mstari mweusi mweusi unaopita kwenye jicho lenyewe. Mistari hii miwili ndiyo inayompa sura ya upole na usafi.

Kama jicho limezungukwa na duara jeupe kamili, acha. Huyo ni wa jamii ya Zosterops, mwenyeji wetu, na ndiye anayedhaniwa kuwa Willow Warbler kuliko mwingine yeyote. Kama uso hauna mstari wowote, ni wa kijivu mtupu na mdomo ni mnene, huenda ni Garden Warbler, naye mhamaji, lakini mkubwa na mzito zaidi.

Hatua ya 6: Ncha ya bawa

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowatofautisha wanaojua. Ndege akiwa ametulia (sekunde mbili zinatosha), tazama bawa lililokunjwa. Kwa Willow Warbler, ncha ya bawa inatokeza nyuma sana kuelekea mkiani. Ile sehemu inayotokeza inakaribia urefu wa manyoya mafupi yanayoifunika.

Sababu ni safari. Anayeruka mbali huhitaji bawa refu lenye ncha. Mwenyeji asiyetoka kwenye kilima chake ana bawa fupi la mviringo. Kwa hiyo bawa linakuambia kama unayemtazama ni msafiri au ni mtu wa hapa hapa.

Mkia nao uangalie: wa wastani, ncha yake imeingia ndani kidogo katikati, na hauna weupe pembeni. Mkia mrefu kuliko mwili, au uliosimama juu, si wake.

Hatua ya 7: Miguu na mdomo

Miguu yake kwa kawaida ni ya rangi nyepesi, kahawia hafifu inayoelekea waridi. Mdomo ni mwembamba, umenyooka, na sehemu ya chini karibu na uso ina rangi ya manjano au machungwa hafifu.

Tahadhari: miguu pekee haitoshi kuamua. Wapo Willow Warbler wenye miguu iliyokolea, na kivulini kila mguu ni mweusi. Mguu ni ushahidi wa kuunga mkono, basi.

Mdomo uliopinda, hata kidogo, ni wa chozi jike. Anayeanza humchanganya mara nyingi, kwa sababu naye ni mdogo, amefifia, na hupepea mbele ya maua.

Hatua ya 8: Sikiliza

Mlio wake wa kawaida ni "huu-wit", silabi mbili zinazopanda, laini, kama anauliza. Huutoa mara kwa mara anapokula. Ukishauzoea mlio huo, utamjua kabla ya kumwona, na utashangaa mtaa wako una wangapi.

Halafu upo wimbo. Huanza taratibu kwa sauti nyembamba, hukaza, kisha hushuka ngazi kwa ngazi na kufifia. Wote hauzidi sekunde tatu au nne. Watu wengi huamini kwamba mhamaji haimbi akiwa ugenini. Huyu anaimba. Wimbo hafifu, usiokamilika, husikika hata Novemba, na Machi na Aprili, siku za kuondoka zikikaribia, huimba kwa sauti kamili kwenye migunga yetu.

Sauti ndiyo iliyofungua suala zima la kumtenganisha na ndugu zake. Katika karne ya 18, Gilbert White, mchungaji wa kanisa la kijiji cha Selborne kusini mwa Uingereza, aligundua kwamba ndege ambaye watu walimjua kwa jina moja alikuwa kweli ndege wa aina tatu: Willow Warbler, Chiffchaff na Wood Warbler. Alianza kwa kusikiliza nyimbo zao. Hakuwa na darubini kama yako.

Chiffchaff hutaja jina lake mwenyewe, "chif chaf chif chaf", kwa mapigo yale yale bila kushuka. Nyimbo hizi mbili ukizisikia mara moja hutazichanganya tena, hata kama ndege wenyewe wanafanana kwa manyoya.

Hatua ya 9: Sasa rangi

Mgongo ni kijani cha zeituni kilichochanganyika na kahawia. Koo na kidari vina manjano hafifu, tumbo linaelekea weupe. Hiyo ndiyo picha ya kitabuni.

Kichakani mambo hubadilika, na hapa ndipo nieleze kwa nini nimeiweka rangi mwishoni. Kwanza, umri: vijana waliozaliwa mwaka huo hufika wakiwa na manjano mengi zaidi chini kuliko wazazi wao. Pili, asili: wanaokuja kwetu hawatoki sehemu moja. Wa Scandinavia kaskazini na Urusi ni wa nususpishi (tawi ndani ya spishi moja) acredula, na wa mashariki ya mbali ya Siberia ni yakutensis, ambao wamefifia, wana ukijivu na manjano kidogo sana. Unaweza kuwa na wawili kwenye mgunga mmoja, mmoja wa manjano na mwingine wa kijivu, na wote ni Willow Warbler.

Tatu, manyoya yenyewe. Ndege wengi hubadili manyoya yote mara moja kwa mwaka. Huyu hubadili yote mara mbili: mara moja kaskazini baada ya kuzaa, na mara ya pili huku Afrika kabla ya kurudi. Ni jambo la nadra sana kwa ndege. Kwa hiyo wa Januari anaweza kuonekana amechakaa, na bawa lake lina mapengo, na wa Machi anang'aa kama mpya. Anayetegemea rangi atadhani ni aina mbili.

Hatua ya 10: Andika papo hapo

Andika kabla ya kufungua kitabu. Tarehe, saa, mahali, aina ya mti, urefu kutoka ardhini, mwendo, uso, bawa, miguu, sauti, kisha rangi. Mfano: "14 Nov, saa 1 asubuhi, mgunga kando ya mto, mita 5 juu. Anadonoa chini ya majani. Nyusi ndefu njano hafifu. Ncha ya bawa ndefu. Huu-wit mara tatu. Miguu sikuiona."

"Sikuiona" ni neno la thamani. Ukifungua kitabu kwanza, kichwa kitakuandikia vitu ambavyo macho hayakuona.

Ukiwa na uhakika, peleka taarifa yako eBird, tovuti ya kukusanya kumbukumbu za ndege, au kwenye ramani ya ndege ya nchi yako kama Kenya Bird Map. Kama kuna matembezi ya kutazama ndege karibu nawe, jiunge. Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe asilia, wana matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia makumbusho ya taifa Nairobi, na asubuhi moja na mtu anayemjua ndege huyu inakuokolea miezi.

Wanaofanana naye, na jinsi ya kuwatenga

*Zosterops.* Duara jeupe jichoni, manjano iliyokolea, hutembea kikundi na hawanyamazi. Nimeshamtaja, namtaja tena kwa sababu ndiye kikwazo cha kwanza.

*Chiffchaff.* Miguu myeusi, bawa fupi, huushusha mkia chini kila mara. Kenya na Tanzania ni nadra sana, zaidi hukaa Ethiopia na kaskazini zaidi. Ukiwa Morogoro au Nakuru na unadhani umemwona, rudi hatua ya 6 na ya 8 kabla ya kumwambia mtu yeyote.

*Wood Warbler.* Kijani safi mgongoni, koo la manjano kali, tumbo jeupe kama karatasi, bila mchanganyiko. Yeye ni wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati hadi Uganda. Wasomaji wa Uganda na Kongo mashariki mnayo sababu ya kumfikiria. Wengine, mara chache.

*Wenyeji wa jenasi moja naye (ndugu zake wa karibu, wenye jina la kwanza Phylloscopus).* Hawa ndio wagumu kweli. Kwenye misitu ya milima kuna Phylloscopus umbrovirens, wa kahawia, asiye na manjano usoni, mwenye kingo za kijani kwenye mabawa. Usambara, Uluguru na Taita yupo Phylloscopus ruficapilla, mwenye utosi wa kahawia nyekundu na koo la manjano. Wote wawili wana mabawa mafupi na hukaa ndani ya msitu mwaka mzima. Bawa na kalenda ndivyo vitakavyokuamulia.

*Olivaceous Warbler.* Mhamaji pia, anayependa migunga ya sehemu kavu. Hana kijani wala manjano, ni kijivu kahawia, mdomo mrefu bapa, na huushusha mkia chini anapohama.

*Camaroptera.* Mgongo wa kijivu au kijani, mkia umesimama, yuko chini kabisa kichakani, na hulia kama mwanambuzi. Ukishamsikia hutahangaika naye.

Kidogo kuhusu safari yake

Huhama usiku, mmoja mmoja, si kwa makundi yenye umbo angani kama korongo. Huko kaskazini hujenga kiota chini, kwenye nyasi, chenye paa na mlango wa pembeni. Wanaozaliana kusini mwa Sweden huelekea Afrika Magharibi, na wa kaskazini ya Sweden huelekea mashariki na kusini mwa Afrika, ingawa ni ndege wa aina moja na mpaka wao hauonekani ardhini.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya ndege wa mashariki ya mbali ya Urusi waliofungwa vifaa vidogo sana vinavyorekodi mwanga wa mchana. Kutokana na saa za macheo na machweo, watafiti waliweza kukokotoa njia. Walikuwa wamesafiri takriban kilomita 13,000 hadi Afrika Mashariki, kwa mwili wa gramu kumi. Kwangu mimi hiyo inatosha kumfanya mtu asimame chini ya mgunga dakika tano zaidi.

Hapa kwetu safari hiyo inaonekana vizuri Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi. Tangu 1969, Novemba na Desemba, usiku wa ukungu, wahamaji huvutwa na taa za hoteli iliyo juu ya ukingo wa mlima. Wataalamu huwanasa kwa nyavu laini, huwavisha pete ndogo mguuni na kuwaachia. Willow Warbler ni mmoja wa wanaovishwa pete hapo.

Ukikwama

*Namsikia tu, simwoni.* Usimfuate ndani ya mti. Rudi nyuma mita tano, upate kuona mti wote, na subiri upande wenye jua. Wadudu huchangamka panapopata joto, naye huwafuata.

*Darubini ikifika, keshaondoka.* Usiifuate sehemu alipokuwa. Tazama mwelekeo wa mwendo wake, elekeza darubini tawi linalofuata, mngoje pale.

*Merlin inasema Chiffchaff.* Chukulia jibu la programu kama dokezo. Mlio wa kuulizauliza wa ndege hawa wawili unakaribiana, ila wa Chiffchaff ni wa silabi moja, "hwit", na wa Willow Warbler unakatika mara mbili. Hakikisha pia umechagua eneo na tarehe sahihi kwenye simu, maana programu iliyowekwa Ulaya itakujibu kama uko Ulaya.

*Nimemwona Julai.* Pitia upya uso na bawa. Karibu kila mara atakuwa Zosterops, chozi jike au mwenyeji wa jenasi ile ile.

*Nimeona nyusi na bawa, mengine sikuyapata.* Andika "Phylloscopus, haijajulikana aina". Hiyo ni rekodi halali, na eBird inakubali kuandika hivyo. Rekodi ya kubahatisha huharibu ramani kwa watu wote.

*Watoto wa mtaani wanamtegea kwa ulimbo au manati.* Usiwagombeze. Wape darubini. Waonyeshe jinsi anavyochungulia chini ya jani, waambie alikotoka. Mtoto aliyemwona usoni kwa darubini hushika manati kwa mkono mwingine kabisa.

*Amegonga kioo cha dirisha na yuko chini.* Mweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu madogo, chini utandike kitambaa, funika, weka mahali pa giza na kimya, mbali na paka. Usimwagie maji mdomoni wala usimlishe. Baada ya nusu saa hadi saa moja peleka boksi nje karibu na mti, lifungue, usogee mbali. Kwenye dirisha hilo bandika vipande vya karatasi upande wa nje, vikaribiane kiasi cha upana wa kiganja, na usiku zima taa za nje usizozihitaji, hasa Novemba na Aprili.

*Ana pete mguuni.* Akiwa hai, usiivue. Piga picha pete kutoka pande zote, nakili kila herufi na namba, andika tarehe, mahali na hali uliyomkuta nayo, kisha peleka taarifa kwenye makumbusho ya taifa au chama cha ndege cha nchi yako. Akiwa amekufa, pete ihifadhi na uipeleke pamoja na taarifa hiyo.